Taa za Angani na Haki ya Aliyepotea

Lugha yetu ina maneno kadhaa ya kumtaja mtu ambaye hayupo na hakuna ajuaye aliko, wala si vyema kuyachanganya. Twasema mtu amepotea, na kitendo hicho ni chake mwenyewe: njia imemponyoka, au yeye ameiponyoka njia. Twasema ametoweka, na hapo hatutaji mtenda wala sababu. Twaeleza tu kwamba alikuwapo na sasa hayupo. Lakini tusemapo kwamba amechukuliwa, tumekwisha kuvuka mto. Kauli ya kutendwa humtaka mtenda, hata asipotajwa, na msikilizaji atauliza papo hapo: amechukuliwa na nani? Kutoka "ametoweka" hadi "amechukuliwa" ni hatua ya neno moja, nayo aghalabu hupigwa usiku uleule wa kwanza, kabla wazee hawajatuma watu kwenda kutafuta. Makala haya yanahusu hatua hiyo. Twauliza kama ni halali kuipiga, na ni nani alipaye gharama yake.

Kisa tutakachokitumia kuwa mfano hakikutokea kwetu. Kilitokea Australia, nasi tumekichagua kwa sababu kumbukumbu zake zimehifadhiwa na serikali ya nchi ile na watu wamekwisha kuzisoma, na pia kwa sababu kiko mbali kiasi cha kutuwezesha kukitazama bila ya hasira wala upendeleo.

Jioni ya tarehe 21 Oktoba, 1978, kijana wa miaka 20 aitwaye Frederick Valentich aliondoka katika uwanja wa ndege wa Moorabbin, karibu na mji wa Melbourne, akiwa peke yake ndani ya ndege ndogo aina ya Cessna 182. Alikusudia kuvuka mlango wa bahari wa Bass mpaka kisiwa cha King. Uzoefu wake wa urubani haukupita sana saa 150. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa alipowaita waongoza ndege wa Melbourne, saa moja na dakika sita za usiku, akauliza kama palikuwa na ndege nyingine yoyote chini ya futi 5,000. Akajibiwa kwamba hakuna iliyojulikana. Akasema kwamba aona chombo kikubwa chenye taa nne kali kikimpita kwa juu. Baadaye akasema kwamba chamzunguka. Kisha kwamba injini yake haingurumi sawasawa. Na mwishowe akasema kwamba kilichokuwa juu yake hakikuwa ndege. Baada ya maneno hayo redio yake ilibaki wazi kwa sekunde 17, ikitoa mlio kama wa chuma kinachokwaruzana na chuma, halafu ikanyamaza. Msako wa baharini na angani ulikomeshwa tarehe 25 Oktoba bila ya kupatikana mtu wala ndege. Idara ya Uchukuzi ya Australia ilichunguza, ikaandika kwamba sababu haikuweza kubainika, na kwamba yadhaniwa rubani alifariki.

Katika habari hiyo mna mambo mawili yasiyojulikana. Taa zile zilikuwa nini? Na kijana yule yuko wapi? Mwanafunzi wa hesabu anajua kwamba mlinganyo mmoja wenye herufi mbili zisizojulikana hauwezi kumpa jibu moja la hakika. Hana budi kutafuta mlinganyo wa pili. Masimulizi hayana subira hiyo. Huchukua kisichojulikana cha kwanza na kukifanya kuwa jibu la cha pili: taa ndizo zilizomchukua kijana. Tangu hapo kutoonekana kwake huwa ushahidi wa taa, na taa huwa ushahidi wa sababu ya kutoonekana kwake, mithili ya walevi wawili walioegemeana njiani, ambao kila mmoja amesimama kwa sababu ya mwenziwe. Hakuna lililoongezeka katika ujuzi wetu. Kilichoongezeka ni utulivu wa msimuliaji.

Tena hadithi ya namna hii haimhitaji kijana mwenyewe. Kumbukumbu zinasema mengi juu yake ambayo masimulizi huyapita haraka. Jeshi la anga lilimkataa mara mbili. Baba yake alieleza kwamba mwanawe aliamini mno habari za vyombo vya ajabu virukavyo angani, na akiviogopa visije vikamshambulia. Sababu ya safari yake aliieleza kwa namna mbili: kwa wengine alisema anakwenda kuwachukua marafiki, kwa wengine kwamba anafuata kamba wa baharini, wachunguzi hawakuona ukweli katika moja wala ya pili, na watu wa uwanja wa kisiwa cha King hawakuwa wameambiwa wamngoje. Hatuyataji haya ili kumvunjia heshima mtu asiyeweza kujitetea. Twayataja kwa kuwa ndiyo mambo ya mwanadamu: tamaa iliyoshindwa, hofu, na siri ndogo ya jioni moja. Atakaye kumtafuta Valentich itambidi aanzie hapo. Atakaye hadithi ya taa atayaona kuwa takataka, ayafagie nje. Na kwa kufanya hivyo humpoteza kijana mara ya pili.

Hapa yafaa tutue kidogo tuseme neno juu ya hivyo vyombo virukavyo. Tarehe 24 Juni, 1947, Mmarekani Kenneth Arnold, akiwa angani katika ndege yake karibu na mlima Rainier, aliona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa kasi. Alieleza kwamba vilikwenda kama kisahani kinavyorukaruka mtu akikivurumisha juu ya maji. Yeye alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yakaandika umbo. Tangu siku zile watu wa Marekani, na baadaye wa nchi nyingine, wakaanza kuona visahani angani, kwa kuwa sasa walikuwa wameambiwa sura ya kitu cha kuonwa. Msomaji wa Kiswahili asicheke upesi. Katika masimulizi yetu mchawi husafiri usiku kwa ungo, chombo kilekile anachopepetea mchele mama wa nyumba. Wao wamerusha kisahani cha chai, sisi tumerusha ungo. Kila taifa limekiokota chombo cha jikoni mwake likakipandisha mbinguni. Yamkini kuna jambo kubwa la utamaduni ndani yake, yaani kwamba mwanadamu akikosa umbo la kitu asichokijua huenda kulitafuta mahali alipopazoea kuliko pengine pote. Lakini ni dhahiri kwamba umbo lililotoka jikoni haliwezi kutupa habari za mbinguni.

Wako nao waliojibu upande wa pili. Mwaka 2013 James McGaha, rubani mstaafu wa jeshi na mwanafalaki, pamoja na mwenziwe Joe Nickell, walionyesha kwamba jioni ile ya 1978 sayari za Zuhura, Mirihi na Utaridi, na nyota nyekundu ya Antares, zote zilikuwa angani upande aliouelekea kijana. Walisema kwamba rubani mchanga, juu ya bahari, wakati wa magharibi, hupotewa na mstari wa upeo wa macho; sikio, ambalo ndilo lenye kutupa mizani ya mwili, humdanganya kwamba ndege imenyooka kumbe imeinama na yazunguka ikishuka. Mtu aliye katika hali hiyo huona nyota zilizotulia zikimzunguka yeye, na mzunguko wenyewe waweza kuyazuia mafuta yasifike sawasawa kwenye injini. Maelezo hayo twayaona kuwa na nguvu kuliko yote tuliyoyasoma, kwa kuwa yanazipa taa, mzunguko na mngurumo wa injini chanzo kimoja kisichohitaji kuazima kitu nje ya dunia tuijuayo.

Hata hivyo tunamwonya msomaji aliyesoma sayansi dhidi ya furaha ya haraka. Asemaye "ilikuwa Zuhura tu" kisha akajifunika shuka akalala, amefanya jambo lilelile lililofanywa na msimuliaji wa visahani: amejibu swali la taa na kujidai kwamba amejibu swali la mtu. Zuhura haisemi ni wapi ndege iliingia majini. Haimwambii mama mahali pa kupeleka maua. Neno dogo "tu" ndilo tunalolishuku hapa, kwa maana hilo halikutoka katika hesabu za falaki. Limetoka katika hamu ya kumaliza mazungumzo.

Wala hatusemi kwamba taa zenyewe hazistahili kushughulikiwa. Zinastahili, mradi zichunguzwe peke yake. Katika bonde la Hessdalen nchini Norwei, tangu mwishoni mwa 1981 hadi 1984, watu waliona taa zikielea hewani mara nyingi, wakati mwingine mara 15 au 20 kwa juma moja. Hakuna aliyedaiwa kuchukuliwa nazo. Labda ndiyo sababu zilipata bahati ya kupimwa: wataalamu walipiga kambi na vyombo vyao, na mwaka 1998 pakawekwa kituo kiangaliacho anga chenyewe usiku na mchana. Nyingine zilitambuliwa kuwa ndege au taa za magari, nyingine hazijapatiwa maelezo yanayokubaliwa na wote, na watu wa bonde lile wanaishi na hali hiyo bila ya kumtuhumu jirani. Kwetu nako, katika wilaya ya Mbozi, kiko kimondo cha chuma chenye uzito wa tani 16 hivi. Siku kilipoanguka lazima kiliangaza mbingu yote ya kusini, lakini hakuna kabila lililohifadhi simulizi la siku hiyo, kwa jinsi ilivyo ya kale. Hapo nuru imesahauliwa na jiwe limebaki. Katika visa tunavyovijadili nuru inasimuliwa kila mwaka, na jiwe hakuna.

Sasa na turudi nyumbani, kwa kuwa ni rahisi kumwona mtu wa mbali akikosea. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtu akitoweka, husemwa kwamba amefanywa msukule: hakufa, bali amefichwa na mchawi ili amtumikie mashambani usiku. Ukiuliza ushahidi, utaambiwa kwamba pameonekana moto ukienda wenyewe juu ya mashamba, au mwanga juu ya paa la nyumba ya fulani. Mlinganyo ni uleule wa Australia, herufi mbili zisizojulikana, moja ikijibiwa kwa nyingine. Lakini tofauti iko, nayo ni kubwa. Kisahani cha Marekani hakina kwao. Hakuna awezaye kwenda kukipiga mawe. Ungo wetu una mwenyewe, na mwenyewe ana nyumba ijulikanayo kijijini, na mara nyingi ni mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume wa kumlinda. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, hasa tangu miaka ya 1970, vikongwe wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine wakihukumiwa kwa wekundu wa macho yao, wekundu ulioletwa na moshi wa kuni na samadi waliopikia familia zao maisha yao yote. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928, ilikataza kumsingizia mtu uchawi, na kukatazwa kwake hakukutosha.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa kuthibitisha uvumi, kana kwamba wingi wa vinywa ni mizani ya kweli. Sisi twaisoma kwa namna nyingine, na twadhani kwamba nusu yake ya pili ndiyo nzito. Kama halipo, laja: yaani maneno yakirudiwa vya kutosha yataleta jambo ambalo halikuwapo. Palikuwa na mtu mmoja aliyetoweka. Maneno yakasemwa, na baada ya wiki moja pana mtu aliyetoweka na bibi kizee aliyekatwakatwa mapanga. Lilikuwa halipo, limekuja.

Gharama nyingine haionekani upesi. Mtenda wa uongo humfunika mtenda wa kweli. Kama kijana alikwenda ziwani kwa mtumbwi uliooza wa tajiri fulani, tajiri huyo atafurahi sana kusikia habari za majini. Kama binti alitorokea mjini kwa sababu ya kipigo cha baba wa kambo, baba huyo atakuwa wa kwanza kwenda kwa mganga, na atalipa mbuzi bila ya kunung'unika. Jini halifikishwi mahakamani. Polisi akiambiwa kwamba mtu amechukuliwa na mizimu, naye akakubali, amepunguziwa kazi. Na jalada la aliyepotea, ambaye huenda yu hai wilaya ya pili akihitaji msaada, hufungwa na watu walewale waliompenda.

Atakuja mtu atuambie: ninyi mnawanyang'anya wafiwa faraja yao. Mama aaminiye kwamba mwanawe yu hai mahali fulani, ijapokuwa ni mikononi mwa majini au ndani ya chombo cha angani, anaweza kula na kulala. Mkimwachia neno "hatujui" mtakuwa mmempa nini? Hoja hii ni nzito kuliko zote, wala hatutaki kuipita kwa kejeli. Twajibu kwamba mila zetu wenyewe hazikuwahi kuona kuwa "hatujui" ni neno tupu. Zilikwisha kulijengea nyumba. Miongoni mwa Wajaluo, mtu aliyekufa mbali na mwili wake ukakosekana huzikiwa tunda la mti wa yago, ambao wengine huuita mwegea; tunda hulazwa kaburini kwa heshima zote, na kila aliyehudhuria anajua kwamba ni tunda. Waislamu wa pwani husalia maiti asiyekuwapo. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walimpa aliyepotea jina lake na mlango wake katika vitabu, wakabishana juu ya muda wa kungoja. Wafuasi wa Maliki walisema mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo iliweka miaka mitano: ambaye hajasikika kwa muda huo na wale ambao wangepaswa kumsikia huhesabiwa kuwa amekufa, mpaka uthibitisho wa kinyume upatikane.

Msomaji ayatazame vyema maneno hayo ya mwisho. Sheria haisemi kwamba mtu amekufa; yasema kwamba atahesabiwa amekufa, na mlango wauacha wazi kidogo kwa siku atakayobisha hodi. Tunda la yago halidai kuwa ni mwili. Katika mipango yote hiyo wafiwa hupewa la kufanya, shamba hupata mrithi, mke hupata ruhusa, wala hakuna jirani anayetajwa. Ndiyo faraja isiyokopwa kwa mtu mwingine. Meli ya Mv Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, ikafa na mamia ya watu, wengi wa waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, na jamaa ambao hawakuuona mwili wa mtu wao walikwenda hukohuko, wakasimama mbele ya makaburi ambayo huenda yalikuwa na wao na huenda hayakuwa nao. Hatujui aina ya ujasiri iliyo kubwa kuliko hiyo.

Na zaidi ya faraja iko kazi. Mwaka 1983 kipande cha kifuniko cha kupozea injini kilisukumwa na maji hadi ufukweni mwa kisiwa cha Flinders, upande wa pili wa mlango wa bahari wa Bass. Wachunguzi waliona kwamba kilitoka katika Cessna 182 iliyokuwa miongoni mwa fungu la ndege zilizohesabiwa namba za kiwanda pamoja na ile ya Valentich, wakawauliza wataalamu wa bahari kama mkondo wa maji ungeweza kukifikisha huko. Kipande hicho hakimalizi swali. Lakini ni mlinganyo wa pili, ule uliokosekana, nao ulikuja miaka mitano baadaye kwa sababu jalada halikuwa limefungwa kwa hadithi.

Wa kwetu ulikuja baadaye zaidi. Tarehe 8 Machi, 2014, ndege ya Malaysia, safari ya MH370, ilitoweka ikiwa na watu 239, na kwa muda wa miezi dunia nzima ilisimulia kila aina ya habari juu yake, zikiwamo za kutekwa na viumbe wa nyota nyingine. Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha ubawa kilipatikana ufukweni Pemba, kisiwa ambacho pwani nzima hukitaja kwa uganga na majini. Kipande hicho hakikupelekwa kwa mganga. Kilikabidhiwa wenye mamlaka, kikasafirishwa hadi Australia, na mwezi Septemba mwaka huohuo namba na mihuri ya kiwandani iliyokuwa ndani yake ikathibitisha kwamba kilitoka katika ndege ile. Wachunguzi walitazama pia mikwaruzo na mipasuko ya ndani, wakaona kwamba yamkini ubawa huo mdogo ulikuwa umekunjwa wakati wa kugonga maji, haukuwa umeteremshwa kama afanyavyo rubani atakaye kutua taratibu. Mwili wa ndege haukupatikana katika eneo la kilomita za mraba 120,000 lililopekuliwa chini ya bahari hadi Januari 2017. Jamaa wa abiria waliendelea kudai utafutwe.